Baiskeli Iliyojaribiwa Same

Cha mlimani hakijaribiwi bondeni. Mmeisikia leo asubuhi kwa fundi Eliamani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni maneno ya wahenga gani. Wahenga! Aliyeisababisha ndiye huyu aliyekaa mbele yenu anapuliza uji. Methali hii ilianza hivi, na tafadhali msinikatize, maana nikikatizwa huenda nisiimalize.

Wakati huo ninyi mlikuwa mnabebwa mgongoni. Zahanati ilikuwa kule chini kama ilivyo leo, kijiji huku juu, na katikati barabara ile ile ya changarawe. Nesi Nakiete, mkunga wetu, alikuwa akiipanda kwa miguu, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa. Mkutano wa kijiji ukaamua tumnunulie baiskeli ya umeme ya bei tunayoimudu. Nikatumwa mimi, Mbonea, niende mjini Same, kule bondeni, kuichagua, kwa kuwa ujanani nilikuwa fundi baiskeli.

Sasa, tulikuwa na desturi yetu tangu enzi za machela. Machela mpya haikulazwa mgonjwa hivi hivi. Ilipigwa mbiu ya msaragambo, vijana wakakusanyika kama kwa kazi nyingine yoyote ya kijiji, wakamlaza mtu mzito kuliko wote, wakampandisha hadi Kona ya Mramba, pale barabara inaposimama wima. Ikifika juu salama, imekubaliwa. Na mzito kuliko wote nilikuwa mimi. Nimelazwa kwenye machela nne, mikono nimeikunja kifuani, watoto wakinicheka. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Dukani palikuwa na mbili za uwezo wetu. Moja nyeusi, imechubuka rangi, matairi mapana yenye meno, gia nyingi, na mota yake iko pale kwenye pedeli. Ilikwenda polepole. Ya pili nyekundu, inang'aa, mota imefichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Nikaipanda ile nyekundu kwenye lami. Lo! Iliruka, kofia ikanitoka kichwani. Nikarudi dukani nacheka peke yangu.

Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu. Akaniuliza, "Mzee, barabara ya kwenu ikoje?"

"Mlima. Changarawe."

"Basi chukua ile nyeusi, mzee wangu. Hii nyekundu ni ya mjini, mlima mrefu utaichemsha. Kama huniamini, nizipakie zote mbili kwenye lori, ukazipandishe huko kwenu na mzigo, kisha unirudishie moja."

"Kijana," nikamwambia, "nilikuwa natengeneza baiskeli kabla hujazaliwa."

Akaniandikia risiti ya ile nyekundu. Ukweli ni kwamba niliona haya kurudi na kitu kilichochubuka. Nilitaka vigelegele, na nilivipata. Lori lilinishusha huku juu na baiskeli yangu nyekundu, kina mama wakashangilia. Nesi Nakiete akaupapasa usukani, akasema, "Mzee Mbonea, imeshapanda Mramba?"

"Nesi, hii hata Kilimanjaro itapanda!"

Watu wakacheka, na mbiu haikupigwa. Akateremka nayo zahanati vizuri kabisa, maana kuteremka si kupanda.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, binti yangu Namsifu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Zamani tungemlaza kwenye machela mara moja, tungemshusha. Lakini nilimpigia simu nesi, akasema, "Msimsumbue na barabara. Nina baiskeli sasa, nakuja." Basi tukangoja. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, nami nasimama mlangoni nasikiliza.

Mota ilichemka kabla ya Mramba. Ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Tairi jembamba likateleza kwenye changarawe, akaanguka. Akaikokota, nzito ile, kwa goti lile, kwa kuwa ilikuwa mali ya kijiji na aliogopa kuiacha. Mwishowe aliitupa mtaroni akapanda na mkoba wake tu. Alifika saa nane, viganja vinatoka damu.

Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingoni. Wanawake walikuwa wamekifungua, lakini hakulia. Nesi alimpulizia, akampulizia tena, kisha akamfunika. Hakunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenitukana.

Jioni niliitwa ndani. Namsifu alikuwa amelala, uso kauelekeza ukutani.

"Baba, ile baiskeli uliijaribu wapi?"

"Same, mwanangu. Kwenye lami."

"Na mzigo?"

"Bila mzigo."

Kisha akasema, "Baba, cha mlimani hakijaribiwi bondeni."

Hakupaza sauti. Wanawake waliokuwamo ndani walisikia maneno hayo, na siku ya mazishi yalikuwa yameshatoka nje ya nyumba yangu. Kufikia mavuno yalikuwa midomoni mwa watu wote: mtu akisifu mchumba aliyemwona harusini tu, anaambiwa hayo. Nikipita mimi, huinamisha macho.

Nilishuka Same mwenyewe, nikamwomba yule kijana radhi na ile nyeusi. Safari hii mbiu ilipigwa. Nilikaa nyuma, mikono nimeikunja kifuani, ikanipandisha Mramba polepole hadi juu. Hakuna mtoto aliyecheka. Imemtumikia nesi miaka yote hii, na sasa imechoka. Ndiyo maana mmeleta hii mpya mliyoiegesha hapo nje, na ndiyo maana Eliamani aliwatolea methali mlipotaka kumkabidhi nesi leo leo.

Haya, Nietiwe, nipe fimbo yangu. Mwenzako akapige mbiu. Nimezeeka, lakini uzito, alhamdulillahi, haujapungua. Nitakaa nyuma mimi. Tukifika juu ya kona mtanisubiri kidogo, nimsalimie mjukuu wangu, maana ndipo tulipomzika. Naye akiniuliza, nataka nimjibu kwamba hii nimeijaribu hapa hapa, mbele yake. Cha mlimani hakijaribiwi bondeni.