Jasho la Nyati na Mizinga Kumi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi na kukaribishana chai, aliishi Bi Digidigi, mfuga nyuki. Wewe mwenye muhogo mdomoni, tafuna umalize kabisa, maana hadithi hii ina asali ndani yake.

Bi Digidigi alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Moto wa nyika ulipita ukala mizinga yake yote. Akaenda kwa matajiri wawili wa bonde, Nyati na Kiboko, waliokuwa na magogo mengi kuliko walivyojua kuyatumia.

"Tutakuchongea mizinga kumi," akasema Nyati, "na kiwanja cha kukaa tutakupa. Wewe fuga, asali tugawane nusu kwa nusu."

Wakachonga kweli. Hapo sina neno nao, walitoa kwa moyo. Digidigi akatundika mizinga tisa kwenye migunga, na wa kumi nyuma ya jiwe kubwa, kwenye upenyo ambao pembe za Nyati hazipiti. Nyuki wakaingia kote.

Kesho yake asubuhi, hodi hodi.

"Asali iko wapi?" akauliza Kiboko.

"Mjomba, nyuki wameingia jana tu."

"Basi tuangalie wamefika wapi."

Nyati akabandua kifuniko kwa pembe, kwaa! Wakachungulia, wakafunika, wakaenda mzinga wa pili. Kesho wakarudi. Keshokutwa wakarudi. Siku ya nne nyuki wa mizinga mitatu wakachoka kuchunguliwa. Vuuuu! Wakahama.

"Mama huyu kazi haijui," Nyati akanung'unika. "Bi Digidigi, mwezi ukiandama hatujaona asali, mizinga tunaipasua kuni, na kiwanja utatupisha."

Digidigi akalia. Macho yake ni ya machozi siku zote, lakini siku ile yalikuwa machozi yenyewe.

Sasa, juu ya lile jiwe alikaa Pimbi, mfupi, mnene, hana mkia, ila maneno anayo. Yeye hakuwa na mzinga wala gogo. Alikuwa na hamu ya asali, na alimpenda jirani yake. Akateremka akawafuata matajiri mtoni.

"Shikamooni, wajomba. Nasikia nyuki wenu wamewakataa."

"Nani kakwambia wametukataa?" Nyati akakunja uso.

"Kwani hamjui? Nyuki hamwekei asali mtu asiyemjua. Humjua mwenye mzinga kwa harufu ya jasho lake."

"Sisi ndio wenye mizinga," akasema Kiboko.

"Nyuki watajuaje, mjomba? Umewahi kuwapelekea hata funda moja la maji?"

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Nyati.

"Mjomba Kiboko, maji kila asubuhi. Mjomba Nyati, palilia chini ya migunga, na umwage majivu kuzunguka mashina, siafu wasipande. Bi Digidigi atapaka nta mizinga iliyohamwa, wageni wavutike. Na kifuniko kisiguswe mpaka migunga itoe maua na maua yaanguke."

"Maua!" akasema Nyati. "Hayo ni miezi! Na tukichungulia kidogo tu?"

"Nyuki wanaanza kuhesabu siku upya."

Wakaapa wote wawili, na habari ya mwezi kuandama wakaiweka kando.

Basi mngewaona! Kiboko akipanda kilima asubuhi, mashavu yamejaa maji, hawezi hata kuitikia salamu. Nyati akipalilia, na kila alichong'oa akikila. Siku moja mchana siafu walimwingia masikioni. Alirukaruka, puu! puu! lakini ndoo ya majivu hakuiacha mpaka shina la mwisho.

Mwezi ukaandama, hakuna aliyeuona. Walikuwa wakibishana habari ya maji.

"Leo umechelewa," Nyati alimwambia Kiboko. "Wale wa mzinga wa tatu wana kiu mapema."

"Nawajua. Usinifundishe nyuki wangu."

Bi Digidigi akawa anawaandalia uji. Watoto wake wakazoea kulala mgongoni kwa Nyati wakati wa jua kali, na yeye akazoea kukaa bila kutikisika. Nyati alikuwa mpole sana, hata kama ana pembe.

Migunga ikachanua. Maua yakaanguka. Wakafukiza moshi, wakafunua, wakakuta asali. Masega manene, kutoka mwanzo wa mzinga hadi mwisho, mizinga yote tisa, hata ile mitatu iliyohamwa. Digidigi akacheka na machozi yake yaleyale.

"Wametujua!" Nyati akasema.

Hapo mtoto mmoja wa Digidigi akaita, "Mama, na ule wa nyuma ya jiwe?"

"Ole wangu," akasema Digidigi. "Kwa masaibu yale niliusahau kabisa."

Wakauvuta nje. Nusu ilikuwa asali nzuri. Nusu ya pili siafu walikuwa wamekula wakamaliza, wameacha makombo ya nta.

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri huchukua muda.

"Huu hatukuutolea jasho hata tone," akasema. "Nyuki hawa walitujuaje?"

Pimbi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, polepole. Nyati akamzibia njia.

"Pimbi. Ulitudanganya."

"Kwenye harufu, mjomba, nilidanganya. Nyuki hawana habari na jasho la mtu. Huo ulijaa kwa sababu pembe yako haikuufikia ukaufunua."

"Na nusu iliyoliwa?"

"Hiyo ni kwa sababu majivu yako nayo hayakuufikia."

Nyati akamtazama Pimbi, akautazama mzinga uliobaki nusu, kisha ile tisa. Akachukua sega moja nono, akalibwaga mbele ya Pimbi.

"Kula, mwongo wee," akasema. "Halafu unionyeshe jinsi ya kuhamisha huo wa kumi, nipate kuuwekea majivu."

"Na maji yake nitaleta mimi," akasema Kiboko.

Na mimi hapo nilipewa nilambe kidole, ndipo nikaja kuwasimulia: ukishatoa mali yako, ipe muda, na uiongezee mikono yako.