Ngiri na Kisima cha Mashujaa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipigana na fisi. Siku tatu bondeni, kup! kap! kup!, mpaka fisi wakakimbia. Wengi walikufa. Vita vikaisha, Ngiri akawa mkuu.

Kiangazi kikaja. Maji yakabaki kisima kimoja tu. Ngiri akakizungushia miiba. Akasema, "Hiki ni Kisima cha Mashujaa. Watakunywa waliopigana."

Waliopigana ni nani? Ni Ngiri, mke wa Ngiri, na mashemeji wa Ngiri.

Pundamilia akaja, ulimi nje. "Mheshimiwa, tuna kiu."

"Kiu! Niliua fisi wawili kwa meno haya, wewe waniambia kiu?"

Pundamilia akarudi.

Swala akaja. "Mheshimiwa, mwanangu hasimami tena."

"Niliua fisi kumi, wewe waniambia mwanao? Nani kakutuma? Fisi?"

Swala akarudi, analia. Nani anataka kuitwa mtu wa fisi?

Ikafika sikukuu ya ushindi. Wanyama wakasimamishwa juani wapige makofi. Ngiri akapanda kichuguu, kifua mbele.

"Siku ile niliua fisi arobaini!"

Pa! pa! pa!

Bi Nungunungu hakupiga. Mumewe na wanawe wawili walibaki bondeni kule. Akasogea mbele, miiba yake chaka, chaka, chaka.

"Mheshimiwa, siku ile nani alikufa karibu yako?"

Ngiri akakohoa. "Mashujaa. Wengi."

"Nitajie mmoja."

Ngiri akawatazama mashemeji zake.

"Mmoja tu, baba."

"Umetumwa na fisi wewe!"

"Fisi waliniulia mume! Aliitwa Chikoti. Wanangu, Sulubu na Mwatate."

Pundamilia akainua kichwa. "Kaka yangu, Rungwa."

"Mama yangu, Siwema," akasema Swala.

Majina yakatoka huku, yakatoka kule, mpaka sauti ya Ngiri ikamezwa. Ndipo Kima akasema, "Mimi nilikuwa juu ya mti. Mheshimiwa nilimwona. Aliingia shimoni kinyumenyume, akatoka fisi walipokwisha kwenda."

Wanyama wakacheka. Kwa! kwa! kwa! Wakacheka huku wanang'oa miiba ya kisima.

"Niliua fisi sitini!" Ngiri akapiga kelele.

Hakuna aliyegeuka. Mtoto wa Swala alinyweshwa wa kwanza. Ngiri aliambiwa apange foleni kama wenzake, akapanga, nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika, maji yalikwisha kuwa tope. Akayanywa hivyo hivyo.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Ukimwomba mkubwa maji naye akakujibu vita, muulize majina ya waliokufa. Hawakufa wale ili yeye anywe peke yake.

Hadithi yangu naiachia hapo. Aliyenuna, ajue mwenyewe kwa nini.