Marahaba ya Pimbi

Hapo zamani za kale, zamani yenyewe hasa, siyo hii ya bibi zenu ambayo ni kama juzi tu, kulikuwa na jua. Msiniambie hata leo lipo. Hili la leo ni kibatari. Jua la wakati ule likikukuta nje mchana, kivuli chako kinakuacha hapo hapo kinakwenda kutafuta mti peke yake. Mawe yalikuwa yanatoka jasho, halafu yanalilamba yenyewe kwa kiu. Kuku akitaga, yai linatoka limeshachemka, bado chumvi tu.

Mito yote ikakauka. Kikabaki kisima kimoja kule bondeni, na kisima hicho kilikuwa na sheria moja: wakubwa kwanza.

Basi ikifika asubuhi, gudu gudu gudu, anakuja Tembo. Anazamisha mkonga, fyuuuuu, maji yanashuka mpaka unayaonea huruma. Anafuata Faru. Anafuata Nyati, ambaye ndiye mlinzi wa kisima, na rungu lake begani, ingawa kwa pembe zile mimi sijui rungu lilikuwa la nini. Halafu wa kati wa kati, kina Ngiri. Mwisho kabisa, kisimani kumebaki tope la kukandika nyumba, ndo anaitwa Pimbi.

Pimbi si mnamjua? Yule mdogo wa majabalini, hana mkia, mwili mzima unaenea ndani ya kofia na nafasi inabaki. Ndo maana mpaka leo mtu mfupi akiudhi watu wanamwita pimbi. Wewe unayecheka hapo, hebu simama tukuone. Kumbe umeshasimama. Haya, tuendelee.

Pimbi alikuwa anachota tope lake kwenye kibuyu, anapanda nalo nyumbani. Mkewe, Mama Kijiwe, analichuja kwa kanga, kamua, kamua, anapata maji ya kulowesha ulimi. Mtoto wao Kijiwe alikuwa amekauka mpaka akikohoa linatoka vumbi.

"Baba Kijiwe," mkewe akamwambia, "hili tope mtoto halipokei tena. Analitazama tu. Asipopata maji ya kweli, huyu tunampoteza."

Pimbi akashuka mbio mpaka kisimani, akamfuata Nyati.

"Mlinzi, naomba nichote mapema. Nina mtoto mgonjwa."

"Wakubwa kwanza," akasema Nyati.

"Mkubwa wa tumbo au mkubwa wa umri?"

Nyati akakuna shingo kwa rungu. Swali hilo alikuwa hajawahi kuulizwa. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kama ghala, ila ghala lenyewe la mwaka wa njaa. Akawaza, akawaza, mpaka inzi waliokuwa masikioni mwake wakasinzia wakadondoka.

"Mkubwa ni yule anayeamkiwa," akasema mwishoni. "Mimi nasimama hapa nasikiliza. Anayepewa shikamoo ni mkubwa, anayeitoa ni mdogo. Wewe tangu uzaliwe nani kakuamkia?"

"Hakuna."

"Basi rudi kwenye foleni, pimbi we."

Pimbi akarudi kwenye foleni, lakini akili yake haikurudi naye. Akafika nyumbani anacheka peke yake.

"Mama Kijiwe, nipe majivu."

"Ya nini?"

"Nataka kuzeeka."

"Sasa hivi? Si ungeniambia mapema nijiandae. Nimeolewa na kijana, hata ugali haujaiva nina babu."

Akampa majivu. Pimbi akajipaka kichwani, kwenye nyusi, kwenye masharubu. Akajifunga shuka begani, akashika fimbo. Akajaribu kukohoa: kho, kho.

"Hicho kikohozi cha kijana," mkewe akasema. "Mzee anakohoa huku anakulaumu."

"Khoooo. Khoooo. Nyie watoto wa siku hizi. Khooo."

"Hapo sawa. Nenda, na mvi zako usizipeperushe, upepo upo."

Asubuhi yake wakubwa wote wako kisimani. Wakasikia fimbo, ko, ko, ko. Pimbi huyo, anatembea taratibu mpaka konokono aliyekuwa nyuma yake akaomba kupita.

Sasa nyie mnajua, mdogo ndiye anayeanza kuamkia. Pimbi angesema shikamoo, ameisha. Angenyamaza, ameonekana hana adabu. Akafanya nini? Alipofika mbele ya Nyati akainua mkono, akasema kwa upole, "Marahaba. Marahaba mwanangu."

Nyati akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. "Mimi?"

"Kumbe nani? Umekua wewe. Pembe za marehemu babu yako kabisa, hazijakosea hata pindo."

Nyati akajiuliza moyoni, hivi huyu nimemwamkia? Mbona sikumbuki? Lakini marahaba ameisikia kwa masikio yake, na toka dunia iumbwe marahaba haijawahi kutoka bila shikamoo kutangulia. Ni kama umwone mtu anafuta mdomo, unajua huyo keshakula.

"Nadhani nilikuamkia kwa sauti ndogo," akasema Nyati.

"Ndogo mno. Bahati yako sisi wa zamani masikio tulipewa mazima."

"Samahani, mzee. Shikamoo."

"Ya pili hiyo. Marahaba tena. Mama yako alikulea."

Nyuma yake alikuwa Faru. Faru haoni mbali, haoni karibu, anaona mbele ya pua tu, na mbele ya pua kuna pembe. Akauliza, "Nyati, nani huyo unamwamkia?"

"Mzee mmoja wa zamani. Alimjua babu yangu."

"Alimjua babu yako?" Faru akashusha kichwa mpaka kidevu kikagusa vumbi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba mjukuu. Macho vipi?"

Faru akabaki mdomo wazi. "Kajuaje kama macho yananisumbua? Huyu siyo mzee wa hivi hivi." Na hapo ndo alikuwa amesimama anaongea na kichuguu.

Akabaki Tembo. Kwa Tembo ndo palikuwa na kazi, maana alijulikana nchi nzima kuwa hasahau. Alikuwa anakumbuka hata mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa, na ilimlowesha wapi.

"Mimi wewe sikukumbuki," Tembo akasema.

Wote wakamgeukia Pimbi. Pimbi jasho likaanza kuchimba mfereji kwenye majivu. Akamfikiria Kijiwe na lile vumbi. Akajiegemeza kwenye fimbo, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Basi ni kweli wanayosema," akasema.

"Wanasema nini?"

"Kwamba Tembo siku hizi ameanza kusahau. Mimi nilikuwa nawakatalia. Nikawaambia haiwezekani, yule mtoto nimemlea, mkonga wake ulikuwa kama utambi wa taa, hawezi kunisahau mimi."

Tembo akatazama kulia, Faru anamwangalia. Akatazama kushoto, Nyati anamwangalia. Masikio yakampiga mwenyewe, pu, pu.

"Nani kasema nimesahau?" akasema Tembo. "Nilikuwa nakupima tu. Nakukumbuka sana. Si ndo wewe uliyekuwa ukinibeba mgongoni?"

"Ndo mimi."

"Unanipeleka mtoni."

"Na ulikuwa mzito. Huu mgongo mpaka leo haujanyooka."

"Shikamoo, babu," akasema Tembo, machozi yakimlengalenga kabisa. Na nawaambia, kuanzia siku ile alikumbuka kweli. Alikuwa anasimulia watu mpaka rangi ya shuka alilobebewa.

Pimbi akachota wa kwanza, maji meupe mpaka unaona uongo wako ndani yake. Kijiwe akanywa, glu, glu, glu, akalala, akaamka anadai uji.

Sasa raha ikaanza. Kila asubuhi wanampisha. Nyati, dume lile la kutisha, akianza kuongea na Pimbi anachorachora chini kwa kwato kama mtoto aliyevunja chungu. Eti anajiona kweli mdogo. Faru akawa anamletea matatizo yake ya ndoa. Na Pimbi naye, mkiona mtu anadanganya wenzake muda mrefu, mjue wa mwisho kudanganyika ni yeye. Akaanza kulala na fimbo. Akaanza kulalamika magoti.

"Zamani yetu sisi," anamwambia mkewe, "nyasi zilikuwa na utamu."

"Zamani ipi? Mimi na wewe tumezaliwa masika moja."

"Nyie watoto wa siku hizi."

"Baba Kijiwe, nitakumwagia maji hayo majivu yatoke, umsikie vizuri anayekuongelesha."

Mmoja tu hakufurahi: Ngiri. Ngiri ana kawaida ya kula amepiga magoti, na aliyepiga magoti huona mambo ya chini chini. Aliona majivu yamedondoka njiani. Akafuatilia, pole pole, mpaka majabalini, akamkuta yule mzee anaruka kutoka jabali hadi jabali, tip, tip, tip, anacheza na mtoto.

Akarudi mbio, mkia juu kama mlingoti. "Wakubwa, tumeibiwa. Yule mzee nimemwona anaruka."

"Anaruka?" Nyati akashangaa. "Kwa umri ule?"

"Ndo nawaambia."

"Wazee wa zamani bwana," Tembo akasema. "Walikula vizuri. Sisi tutaishia wapi?"

"Hamnielewi. Ile mvi ni majivu, inadondoka."

"Mvi ikizeeka sana lazima idondoke," Faru akasema. "Sasa ulitaka ifanye nini?"

Ngiri akaona hapa maneno hayatoshi. Huyo, akaenda jabali la ng'ambo, anakoishi mama mzazi wa Pimbi, kibibi kidogo kama ndizi, mdomo wake peke yake ungefukuza simba kijijini. Akamwambia, "Bibi, mwanao anakuita kisimani."

Asubuhi, Pimbi ndo kwanza anainama achote, akasikia sauti nyuma yake.

"We mtoto, kichwa hicho umefanya nini? Umelala jikoni?"

Kibuyu kikamponyoka, tubwi.

Ngiri akajitokeza, meno yote nje. "Bibi, waambie hawa, huyu ni nani?"

"Huyu? Huyu si ndiye kitinda mimba wangu? Juzi juzi tu nimemwachisha ziwa."

Nyati akakaza mkono kwenye rungu. Hata chura wa kisimani alimeza wimbo. Pimbi akaona rungu, akaona miguu ya Tembo, akaona na yule mtoto kule juu anayesubiri maji. Angemkana mama? Ulimi haukukubali. Angekimbia? Kisima ndo basi tena, milele. Ikabidi afanye lile ambalo mtoto yeyote anafanya akikutana na mamaye asubuhi. Akaweka fimbo chini, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hilo shuka si la mkeo?"

Nyati akamwinamia Pimbi, akamnong'oneza kwa sauti ya kupasua mtungi, "Mzee, huyu ni nani?"

"Bi mkubwa wangu," Pimbi akajibu, kichwa chini.

"Bi *mkubwa*?"

Rungu likaanguka, pwaa. Nyati akamtazama Pimbi, akamtazama kibibi, hesabu ikapanda kichwani mwake taratibu kama mzigo kwenye kilima.

"Jamani," akasema, "kama huyu ndo mtoto, na alimjua babu yangu, mama yake amemjua nani?"

"Na anasema juzi juzi," Faru akaongeza. "Kwake yeye ile ndo juzi juzi."

Tembo alikuwa ameshalala kifudifudi. "Namkumbuka," akasema. "Ndiye aliyekuwa anatufukuza tusicheze matopeni. Shikamoo, bibi."

"Shikamoo, bibi," wakaitikia wote, mpaka milima ikarudisha.

"Marahaba," kibibi akasema. "Sasa nyie majitu mazima mmejazana hapa mnangoja nini?"

"Ni sheria, bibi. Wakubwa wanakunywa kwanza."

"Nani kawadanganya? Mimi kwangu mdogo anakunywa, mkubwa anangoja. Anaweza kungoja, ndo ukubwa wenyewe huo. Asiyeweza kungoja nitamnyonyesha upya. Tembo, sogea. Mkonga huo utoe kwenye maji ya watu."

Tembo akausogeza haraka mpaka akajikanyaga.

Wakaitwa wadogo. Pimbi na Kijiwe wake, panya, kicheche, kanga na vifaranga, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na maji wala hayakupungua hata kucha. Maana hao wote kwa pamoja kinywaji chao hakifiki mate ya Tembo. Wakubwa wakanywa baadaye, yakawatosha, wakabaki wanashangaa walikuwa wanagombania nini.

Ila kabla zamu haijafika kwa wakubwa, Ngiri amesimama pembeni, anajua ukweli wote, unamwasha kama upupu. Nyati akamkumbuka.

"Ngiri, ulikuwa unataka kutuambia nini?"

Ngiri akatazama kisima. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa yake, na maji bado ni meupe, yanameta. Tangu jua lile lianze hajawahi kuyaona meupe. Akameza mate ambayo hakuwa nayo.

"Mimi?" akasema. Akapiga magoti mbele ya kibibi. "Nilikuwa nataka kusema shikamoo."

Basi, watu wakishaamua wewe ni nani, hata ukweli ukija wataugeuza shahidi wao.

Hadithi yangu nimeitua hapa, sina mgongo wa kuibeba zaidi. Anayesema nimedanganya apande majabalini akamwulize Pimbi mwenyewe, ila akifika, aanze kwa kumwamkia.