Kigoda cha Nyamizi na Baiskeli Isiyonguruma

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, siku ambazo baiskeli za umeme ndiyo kwanza zilikuwa zinafika katika vijiji vya miombo, kulikuwa na mzee aitwaye Lugusha aliyefiwa na mkewe. Mkewe aliitwa Nyamizi. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu hata watu wakaacha kuwataja kwa majina; waliitwa tu "wale wa karibu na kisima". Mtoto hawakujaliwa. Nyamizi alipozikwa, Lugusha alibaki na nyumba, kuku wachache, na kigoda cha miguu mitatu ambacho mkewe alikikalia jikoni.

Nisikilizeni vizuri, maana neno lote limo katika kigoda hicho.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi. Matanga ya mke huondolewa kwa nyama ya kongoni. Kongoni huyo aingie uani na kichwa chake, ndugu wa marehemu wamwone. Na nyama ya matanga hailali njiani: mnyama aliyeuawa leo aingie uani leo, kabla jua halijazama. Mgane mwenyewe haruhusiwi kushika silaha. Wengine ndio humwindia. Na yule anayeleta nyama hiyo hupewa kigoda cha marehemu. Akishakipokea, mgane huhamia kwake, akawa baba katika nyumba hiyo. Anakula hapo, anauguzwa hapo, na siku yake ikifika, anatolewa hapo kwenda kuzikwa.

Na kongoni asipopatikana? Basi huchinjwa mbuzi. Watu wanakula, wananawa, wanakwenda zao. Kigoda kinabaki mahali pake, na mgane anabaki na kigoda.

Kwa miaka mingi wagane wa nchi ile walikuwa wakibaki na vigoda vyao. Si kwamba pori lilifungwa. Pori lilikuwa la umma, na kila mwenye kibali aliruhusiwa kuwinda. Lakini kongoni walikuwa wamehamia ng'ambo ya mbuga kubwa ya udongo mweusi, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kwa mwenye mzigo. Mtu akienda leo, anaua kesho, na nyama inalala njiani. Gari lilikatazwa kuingia. Pikipiki ilikatazwa kuingia. Miguu ndiyo iliyoruhusiwa, na miguu haikutosha.

Basi watu watatu walikutana wakasema, "Mzee Lugusha hatabaki na kigoda chake." Wa kwanza alikuwa Kasubi, mfuata nyayo. Wa pili alikuwa Ng'wandu, mwenye bunduki na kibali. Wa tatu alikuwa Kalunde, mwanamke fundi baiskeli wa pale senta, ambaye alikuwa amefunga mota ndogo katika gurudumu la baiskeli yake na kuichaji betri kwa jua. Wote watatu walikuwa wamewahi kula jikoni kwa Nyamizi, wengine wakati wa njaa, wengine wakati wa uvivu.

Kalunde, akifuatana na wenzake, akaipeleka baiskeli yake, na tela lake la magurudumu mawili, hadi kwa askari wa pori. Askari huyo, Bwana Hokororo, alikuwa mtu wa kusini, mpole, lakini hakuna aliyewahi kumlainisha kwa maneno matamu.

"Inakunywa mafuta?" akauliza.

"Hainywi."

"Inatoa moshi?"

"Haitoi."

"Inanguruma?"

"Sikiliza mwenyewe, bwana."

Kalunde akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa umeme. Bwana Hokororo akavua kofia, akainama, akatega sikio.

"Nasikia kama nyuki."

"Nyuki wamekatazwa porini?"

Bwana Hokororo akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Sheria inataja gari na pikipiki. Hii ina pedali, kwa hiyo ni baiskeli, na mimi ndiye nitakayejibu wakubwa wakiniuliza. Lakini sikilizeni. Haitoki nje ya njia. Na mtu asipige risasi akiwa juu yake. Anayetaka kuua mnyama wa pori hili, ashuke, amwendee kwa miguu."

Kalunde na Ng'wandu wakakubali. Aliyebaki kukubali alikuwa Kasubi.

"Fundi," akamwambia Kalunde, "unajua kwa nini kule bado kuna kongoni? Ni kwa sababu ni mbali. Umbali ndio boma la wanyama. Leo unalitoboa boma kwa ajili ya mzee wetu, sawa. Kesho kila mwenye tamaa ya mchuzi atapita tundu hilohilo."

Kalunde hakumdharau. Alifikiri, akasema, "Kwa matanga tu. Kongoni mmoja kwa kila matanga. Siku nitakayoipeleka huko kwa ajili ya kuuza nyama, wewe mwenyewe ukate matairi."

"Nitayakata."

"Na mimi nitakushikia kisu."

Basi Kasubi akatangulia kwa miguu. Alikataa kupanda tela. "Nikikalia chuma, ardhi inaniambia nini?" alisema. Akavuka mbuga, akalala ng'ambo. Kulipokucha akaona kinyesi kibichi, akaona majani yaliyokatwa kwa meno, akaona alama za kwato zinazoelekea kwenye udongo wa chumvi ambao wanyama huulamba. Akakaa upande ambao upepo hauwapelekei kongoni harufu yake, akangoja.

Asubuhi hiyo Kalunde akafuata kwa baiskeli, na Ng'wandu nyuma yake amekumbatia bunduki. Walipita katikati ya swala na swala hawakukimbia; waliinua vichwa, wakatazama, wakaendelea kula. Ng'wandu alikuwa amewinda tangu ujana wake, na hakuwahi kupita karibu na wanyama namna ile. "Dada," alinong'ona, "hiki chombo kina adabu kuliko wawindaji."

Kasubi akawapokea mwisho wa njia, akawaonyesha kundi. Ng'wandu akashuka. Mbele yake, karibu kabisa, palikuwa na jike mnono na ndama wake. Angeweza kumpiga na kumaliza kazi. Hakumpiga. Akatambaa kwa tumbo katika nyasi za miiba, akalizunguka kundi lote, jua likimchoma mgongo, hadi akamfikia dume mzee aliyesimama peke yake. Risasi moja. Dume hakupiga hata hatua.

Wakampasua, wakatoa matumbo, wakaibeba nyama hadi njiani, wakaipakia yote kwenye tela, na kichwa juu yake. Wakapatana hivi: Kalunde atangulie na nyama, wanaume wamfuate kwa miguu, hata wakichelewa si neno. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Kalunde akaondoka, na nyuki wake wakalia taratibu hadi sauti ikapotea.

Lakini Kalunde alikuwa amekosea jambo moja, na kosa lenyewe halikuwa la uzembe. Alipoipima safari, aliipima kwa nyama. Hakupima kichwa, wala ngozi, wala mifupa, maana kwa fundi hivyo si nyama. Lakini kwa desturi vyote huingia uani, na vyote vilikula betri. Katikati ya mbuga, mahali ambapo tope la mvua za juzi lilikuwa halijakauka, mota ikanyamaza.

Angeweza kukaa akangoja. Hakukaa. Alisimama juu ya pedali akazikanyaga kwa nguvu zake mwenyewe, baiskeli nzito, tela zito, tope likivuta magurudumu. Alipochoka kukanyaga alishuka akavuta. Alipochoka kuvuta alipanda akakanyaga. Kandambili zilikatika, akazitupa. Wanaume walipomfikia, visigino vyake vilikuwa vinatoka damu, na alikuwa akiitukana betri kwa jina la mama yake mzazi.

"Betri ina mama?" Kasubi akauliza.

"Nyamaza, usukume!"

Hakusukuma. Alifanya kilichofaa zaidi: akatangulia, akipapasa ardhi kwa nyayo, akawapitisha, bila kuiacha njia, mahali tembo walipokuwa wamepita kiangazi na kuushindilia udongo. Hapo magurudumu hayakuzama. Ng'wandu akakitoa kichwa kwenye tela, akakibeba begani, na paja moja akalibeba bega la pili, bunduki ikiwa imening'inia shingoni, ili mzigo wa Kalunde upungue. Basi wakaenda hivyo: Kasubi mbele akisoma ardhi, Kalunde katikati akikanyaga, Ng'wandu nyuma akilemewa. Hawakupumzika mpaka wakaona moshi wa kijiji.

Wakaingia uani. Jua lilikuwa limegusa miti lakini halijazama. Wanawake wakapiga vigelegele hadi kuku wa Lugusha wakapanda juu ya paa.

Nyama ikapikwa, watu wakala, matanga yakaondolewa. Ndipo Bibi Wande, dada wa marehemu, akatoka jikoni na kigoda mikononi. Yeye ndiye mwenye haki ya kukitoa. Akauliza kama inavyoulizwa, "Nani ameleta nyama?"

Watu watatu wakajibu pamoja, "Mimi."

"Semeni mmoja mmoja," akasema Bibi Wande.

Ng'wandu akasema, "Bibi, mwenye damu ndiye mwenye nyama. Ndivyo baba zetu walivyosema. Nilimwacha jike aliyekuwa miguuni pangu, nikatambaa juu ya miiba, nikaua bila kumtesa mnyama. Bila risasi yangu, hawa wangeleta habari tu. Na kwangu kuna watoto wengi. Mzee hatakosa wa kumletea maji."

"Wala hatapata usingizi," Kalunde akamkatiza, na watu wakacheka.

Kasubi akasema, "Bibi, mimi niliwaona kongoni kabla hawajawa nyama. Nililala peke yangu ng'ambo ya mbuga. Na mashine ilipokufa, ni nyayo zangu zilizoiokoa. Risasi bila macho ni kelele. Baiskeli bila njia ni chuma. Mimi nilikuwa macho, na mimi nilikuwa njia."

"Na utamlisha nini huyo mzee?" Ng'wandu akamwuliza. "Jikoni kwako panya wamehama kwa njaa."

"Mzee akihamia kwangu," Kasubi akajibu, "nitaoa."

Watu wakacheka tena, lakini waliona kwamba Kasubi hatanii.

Kalunde akasema, "Bibi, umeuliza nani ameleta, hukuuliza nani ameua wala nani ameona. Zamani kongoni walikuwa nyuma ya mashamba. Aliyewaona ndiye aliyeua, na aliyeua ndiye aliyebeba. Mtu mmoja, kigoda kimoja. Desturi haikuwa na haja ya kututofautisha. Lakini miaka hii yote waonaji walikuwepo, wapigaji walikuwepo, na vigoda vilibaki jikoni. Ambaye hakuwepo ni wa kuleta. Nimeleta kwa betri, na betri ilipokufa nimeleta kwa visigino. Tazama."

Akanyanyua mguu. Hakuna aliyecheka.

Bibi Wande akamgeukia Bwana Hokororo, aliyekuwa amekaa pembeni na mfupa wake. "Na wewe uliyefungua njia, hudai?"

"Mimi ni mtu wa serikali, mama," akajibu. "Hairuhusiwi kupokea zawadi, sembuse baba."

Basi Bibi Wande akamwendea Lugusha. "Shemeji, umesikia. Watu watatu wanakugombea kama mahari. Sema wewe."

Lugusha akainuka. Alikitazama kigoda, si watu. "Siwezi kuchagua," akasema. "Nikimtaja mmoja, nimewanyima wawili waliotokwa jasho kwa ajili ya Nyamizi. Naomba neno moja tu. Tulikuwa tukibishana, mimi na yeye, kila jioni, kuhusu chumvi. Mimi nasema imezidi, yeye anasema haijazidi. Popote mtakaponipeleka, awepo mtu wa kunibishia."

Ng'wandu akasema, "Nyumbani kwangu wote wanabishana."

Kasubi akasema, "Mimi nimebishana na maendeleo yenyewe."

Kalunde akasema, "Chumvi haijawahi kuzidi."

Na Lugusha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka. Lakini aliwacheka wote watatu, kwa hiyo cheko lake halikuamua kitu.

Usiku umekwisha kuingia. Mzee amesimama uani, nguo zake zimefungwa katika kitenge cha mkewe. Bibi Wande ameshika kigoda, na mikono yake imeanza kuchoka. Kigoda ni kimoja, hakipasuliwi. Mimi nimefika hapo, zaidi ya hapo sijui. Nanyi mlionisikiliza mmekula nyama ileile kwa masikio: yuko aliyeona, yuko aliyeua, yuko aliyebeba. Msimweke mzee kwenye umande. Je, nani alistahili kumwita baba?