Karavani ya Bwana Shekilindi

Bwana Shekilindi, tajiri wa Korogwe aliyeamini kwamba akili zilipogawiwa yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alikuwa anauza karavani yake kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Mwantumu na mumewe walitaka kuzunguka nayo nchi mwaka mzima.

"Hapa hakuna kupekuapekua," alisema tajiri. "Neno langu linatosha. Lipa au nenda zako."

"Nani akupekue, mzee wangu?" alijibu Mwantumu kwa upole. "Nikaribishe ndani tu, kama mgeni."

Mgeni hanyimwi. Mwantumu aliingia karavani, akaketi pale mlangoni. Aliomba maji ya kunywa, mwenyeji akamletea kutoka jikoni, mwisho wa karavani. Alilalamika joto, mwenyeji akampepea kwa gazeti. Akamsihi naye akae wazungumze, akakaa.

"Haya, umeridhika?" aliuliza tajiri.

"Nimeridhika. Kwenda na kurudi na maji, umeiruka sakafu ya mbele ya sinki. Joto lote hili, dirisha hukuligusa. Na kochi zuri kama lile umeliacha, ukakalia ndoo. Sasa simama pale mbele ya sinki, nami nitakulipa bei yako yote."

Shekilindi aliitazama sakafu, akalitazama tumbo lake, kisha akaanza kupunguza bei. Mwantumu alivuka geti, akapanda bodaboda, na nyuma yake tajiri bado alikuwa anapunguza.