Jabali na Meza Kuu

"Nitoe nisitoe?"

"Toa!"

"Ya kweli au ya uongo?"

"Ya uongo, mradi ikolee!"

Basi kaeni vizuri. Wewe Mshamu, funga mdomo, sijafika pa kucheka.

Hapo kale, nyumbani kwa Bi Mwanahawa, palikuwa na dume la paka, jina lake Jabali. Shingo nene, tumbo nene, kazi hana. Panya wakipita mbele yake, aliwaitikia salamu. Jumanne moja Bi Mwanahawa akarudi kutoka mashine ya kusaga na kapu, na ndani ya kapu mna kitoto cha paka, jina lake Tone.

Jabali akavimba, mgongo juu, mkia kama brashi ya chupa. "Fyaaa! Nani huyu? Ananuka pumba!"

"Shikamoo, babu," akasema Tone.

"Fyaaa!" Ndiyo marahaba yake hiyo.

Bi Mwanahawa akaweka sahani mbili za dagaa, kubwa ya Jabali, ndogo ya Tone. Alipogeuka tu, Jabali akala yake, nyam nyam nyam. Akamzaba Tone kofi, pa! Akala na ile ndogo, nyam nyam nyam. Tone akala harufu.

Jumatano, sahani mbili. Nyam nyam nyam. Pa! Nyam nyam nyam. Tone akala harufu.

Jioni Bi Mwanahawa akampapasa Tone mbavu. "Mbona sahani anamaliza lakini hanenepi? Huyu ana minyoo. Ijumaa asubuhi namrudisha mashineni."

Tone akayasikia. Kule mashineni kuna mbwa wawili. Yeye na ndugu zake walizaliwa wanne, na sasa amebaki peke yake. Alilia, jamani, alilia nyuma ya jiko mpaka akachoka. Alipochoka kulia, akaanza kufikiri.

Alhamisi sahani zikawekwa, Bi Mwanahawa akageuka. Jabali akainama. Tone akapaza sauti: "Shikamoo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi!"

Sikio moja la Jabali likasimama. "Umeniitaje?"

"Mgeni Rasmi. Niliwaona wageni rasmi kule mashineni, siku ya kuzindua mashine mpya. Lakini samahani, mbona Mheshimiwa anakula chini, na mende? Mkubwa hukaa meza kuu."

"Iko wapi hiyo?"

"Juu ya kabati."

Jabali akaruka, puu! Masufuria yakalia, kwangala kwangala! Akakaa, akakunja uso kikubwa-kubwa. "Haya, niletee chakula."

"Kinakuja, Mheshimiwa. Lakini mkubwa hali kitu kisichochunguzwa. Je, kikiwa na sumu?"

"Kweli! Chunguza!"

Tone akachunguza. Nyam. "Kichwa ni salama, Mheshimiwa. Mkia bado." Nyam. "Mkia ni salama. Huyu wa pili bado." Nyam nyam. Mende wakapiga makofi. Sahani ndogo ikaisha. Sahani kubwa ikaisha.

"Mheshimiwa, nafurahi kukutaarifu kwamba chakula chote kilikuwa salama."

"Basi kilete!"

"Kimeishia kwenye uchunguzi."

Jabali akataka kushuka amrarue. Tone akainama mpaka pua ikagusa sakafu: "Mheshimiwa, ukishuka sasa, mende watasema Mgeni Rasmi ana njaa."

Jabali akawatazama mende. Mende wakamtazama. Akarudi kukaa.

Jioni uchunguzi ukafanyika tena, na kwa uangalifu zaidi.

Ijumaa asubuhi Bi Mwanahawa akaja na kapu. Akamwinua Tone, akakuta tumbo limekaza, ti! "Ala! Kumbe mzima! Basi mwanangu, utakaa." Kapu likarudi ukutani. Kisha akatazama juu ya kabati, akacheka. "Na wewe mzee, unasusa kwa wivu?"

Mshamu, sasa cheka.

Tangu siku hiyo, kikiletwa kitoto cha paka nyumbani, paka mkubwa hufoka fyaaa, hupanda juu, hukaa kule amenuna siku nzima. Watu husema ana wivu. Wivu wapi! Anangoja sahani.

Fundisho: wadogo, waheshimuni wakubwa wenu, hasa chakula kikiwa tayari. Na nyinyi wakubwa, msishuke. Huku chini kuna njaa.

Yangu nimeimaliza. Mwenye sahani aichunguze.