Kizibo cha Sahala

Njooni karibu, ila asiyesikia mpaka mwisho asihukumu.

Kando ya hori la bahari, kwenye uwanja wa kutengenezea majahazi, walikuwapo mafundi watatu. Famau alikuwa na sikio: akigonga ubao, anajua wapi umeoza. Shee alikuwa na mikono: pamba aliyoishindilia kwenye nyufa haikupitisha tone. Mwanasha alikuwa na sindano, na matanga yake hayakuchanika. Alishonea kivulini mwa jahazi, mwanawe wa miezi minane akitambaa pembeni.

Jahazi lenyewe ni Sahala, la milingoti miwili, mali ya Bi Zaharia. Likiwa nchi kavu, kizibo cha tundu la chini hutolewa maji ya mvua yatoke, kikawekwa juu ya jiwe. Siku ya kulishua majini, maji makuu ya bamvua yalikuja mbio, tundu likazama. Shee akatupa jicho kwenye jiwe, asione kitu, akadhani Famau keshakirudisha kizibo.

Sahala likaelea. Likaanza kuinama.

"Atakayeliokoa, chumba cha uwanjani ni chake!" Bi Zaharia akapiga kelele.

Chumba! Mwanasha alikuwa ameambiwa na shemejiye ahame nyumbani kwake kabla ya Ijumaa, yeye na mtoto, na pa kwenda hana.

Famau akalala kifudifudi, sikio kwenye mbao. "Kimya! Ni chini ya mlingoti wa nyuma."

Mwanasha akalinyakua tanga jipya, kazi ya miezi minne, akalifunga kamba, wakalipitisha chini ya jahazi likanasa tunduni. Maji yakapungua.

Shee akazama ndani na pamba na mafuta, akalikuta tundu halina kizibo, akaliziba.

Sahala likasimama wima. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Famau, ulijuaje upesi hivyo?" akauliza Bi Zaharia.

"Sikio langu, mama."

"Sikio au mkono?" Shee akadakia. "Wapo wanaozima moto waliouwasha wenyewe."

"Na wewe pamba ulikuwa nayo tayari, kama mganga aliyeroga!"

"Basi!" Bi Zaharia akawakata. "Mmoja wenu amekificha kizibo ili aokoe jahazi apate zawadi. Simjui ni yupi, kwa hiyo wote wawili kesho msije. Mwanasha, mwanangu, mwenye hila hatupi tanga lake majini. Njoo uchukue ufunguo."

Mwanasha akaenda kwanza kumbeba mtoto mkekani. Mtoto alikuwa anatafuna kitu. Akakitoa mdomoni: kizibo, kimelowa mate, na alama za meno mawili. Akakifunika kwa leso haraka, akatazama nyuma. Nani ameona? Shee alikuwa anamkodolea macho. Au alikuwa anamwangalia mtoto tu?

"Mbona umeganda, mwanangu?" Bi Zaharia akanyoosha ufunguo.

Haya, mliosikia. Bila sikio, bila tanga, bila mikono, Sahala lingekuwa matopeni. Chumba ni cha nani? Na wewe ungekuwa Mwanasha, mtoto kiunoni na Ijumaa mlangoni, ungeupokea ufunguo, au ungeifunua leso?